Tuonacho na Tupokeacho



Kila mmoja wetu aliyewahi kupeleka kitenge kwa fundi cherehani anazijua hatua zake. Tunafika na kitambaa mkononi, tunamwonyesha mtindo tuupendao katika picha iliyobandikwa ukutani, naye anatuzungushia utepe kifuani, kiunoni na begani, akiandika namba katika daftari lake. Tunaacha avansi. Baada ya siku kadhaa tunarudi kujaribu: bega likibana analilegeza, mkono ukizidi anaupunguza. Nguo hiyo imeshonwa kwa ajili ya mwili mmoja tu, na ikikataliwa ni vigumu kumpata mwingine wa kuinunua. Hata hivyo hatuogopi kuiagiza, kwa sababu fundi yupo, daftari lipo, na siku ya kujaribu ipo.

Tunaanza na fundi huyu kwa sababu tunataka kutafakari pamoja nanyi juu ya fundi wa namna nyingine, ambaye siku hizi amekaa ndani ya simu. Katika nchi za Ulaya na Marekani, ambako ndugu zetu wengi wanaishi na kununua vyombo vya nyumba, maduka ya intaneti yanamruhusu mnunuzi aone kitu ndani ya chumba chake mwenyewe kabla hakijatengenezwa, abadili rangi yake, upana wake na kitambaa chake, kisha aagize kile alichokichagua. Wataalamu wanauita ustadi huo uhalisia ulioongezewa: macho yanaona chumba halisi, na simu inaongeza ndani yake kitu ambacho bado hakipo.

Jina hilo si la jana. Lilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika kampuni ya ndege ya Boeing, ambako watafiti walitaka kumwonyesha fundi mahali pa kupitisha nyaya za ndege bila kutegemea mbao kubwa zilizochorwa. Mnunuzi wa kawaida alingoja muda mrefu. Mwaka 1999 kampuni ya viatu ya Nike ilianza kuwaruhusu wateja kuchagua rangi za viatu vyao kwa njia ya intaneti, lakini walivitazama kama picha tu. Mwezi wa Septemba 2017 kampuni ya samani ya IKEA, yenye asili ya Uswidi, ilitoa programu iitwayo IKEA Place: mtu anaelekeza kamera ya simu sakafuni, na kiti kinatokea mbele yake kwa ukubwa wake wenyewe. Mwaka 2019 duka la miwani la Warby Parker, huko Marekani, liliwawezesha wateja kujaribu fremu usoni mwao kwa simu. Mito hiyo miwili, ule wa kuchagua na ule wa kuona, sasa imekutana. Anayechagua anaona papo hapo alichochagua, kimesimama nyumbani kwake.

Hatutaki kuudharau ustadi huu. Mtu anayeishi mbali na mji, au mgonjwa asiyeweza kuzunguka madukani, anapata nafasi ya kuchagua kwa utulivu akiwa kwake. Mama anayetaka kabati la kutosha kati ya mlango na dirisha hahitaji tena kulibeba akilini na kubahatisha. Fundi naye anaweza kutengeneza kile tu kilichoagizwa, badala ya kujaza ghala vitu ambavyo pengine havitapata mwenyewe. Haya ni mema ya kweli, na anayeyakana hatatusaidia kufikiri vizuri.

Lakini ni lazima tuelewe simu inafanya nini hasa. Kamera na vihisi vya mwendo vinashirikiana kuitambua sakafu na ukuta. Programu inakadiria umbali, inakadiria mwanga, kisha inachora juu ya picha ya chumba umbo lililoandaliwa mapema na muuzaji. Tulishike neno hilo: inakadiria. Ukuta mweupe usio na alama yoyote, sakafu inayong'aa, au chumba chenye mwanga hafifu, huweza kuipotosha. Rangi nayo hutegemea kioo cha simu na taa ya chumba. Nyekundu ya simu hii si lazima iwe nyekundu ya simu ile. Na kuna mambo ambayo hakuna kamera inayoyaonyesha: uzito wa ubao, ukavu wa kitambaa, jinsi mto wa kiti unavyobonyea mtu akikaa. Utepe wa fundi hugusa mwili. Kamera ya simu haigusi kitu.

Sasa tufike kwenye jambo lililotusukuma kuandika.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, anayenunua kitu kwa njia ya intaneti anayo haki ya kubadili nia. Agizo la mwaka 2011 juu ya haki za wanunuzi linampa siku 14 baada ya kupokea mzigo, naye anaweza kuurudisha bila kulazimika kueleza sababu. Sababu ya haki hiyo inaeleweka kwa urahisi: aliyenunua kwa mbali hakukigusa kitu, na ni haki apewe muda wa kukijua. Lakini agizo hilohilo linaweka mipaka. Kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vya mnunuzi, au kilichofanywa wazi kuwa chake binafsi, hakimo katika haki hiyo. Agizo lenyewe linatoa mfano wa mapazia yaliyoshonwa kwa kipimo.

Tuone basi jinsi mambo mawili yanavyogongana. Simu inamwambia mnunuzi: buni, pima, badili, fanya kitu kiwe chako. Na kadiri anavyokifanya kuwa chake, ndivyo anavyokaribia kuipoteza haki ya kukirudisha. Raha ya kuchagua na hatari ya kukosea zimewekwa katika kidole kimoja.

Mpaka wenyewe ni mwembamba. Tume ya Ulaya, katika mwongozo wake juu ya agizo hilo, imeeleza kwamba mtu anayechagua tu kati ya rangi au vipande ambavyo muuzaji ameviweka tayari hajaagiza kitu cha pekee kwa maana hasa ya sheria. Lakini anayetoa vipimo vya dirisha lake ili ashonewe mapazia, huyo ameagiza. Tuseme familia moja ya ndugu zetu huko Liège inatengeneza kabati kwa simu. Baba anagusa rangi ya kahawia. Haki yake bado ipo. Mama anavuta ukingo wa kabati ili lifike kwenye ukuta; hapo pengine haki imekwisha. Kioo hakikubadilika, hakuna aliyepiga kengele, na wote wawili wanaamini kwamba wanacheza na picha.

Wala tusidhani kwamba mtu anaweza kujiokoa kwa kuwahi. Tarehe 21 Oktoba 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu katika kesi iliyotoka Ujerumani. Mtu aliagiza samani za jikoni kwenye maonyesho ya biashara, kisha akajitoa kabla kazi ya kuzitengeneza haijaanza. Mahakama ilisema kwamba kama kitu ni cha vipimo vya mnunuzi, haki ya kujitoa haipo hata kama muuzaji hajaanza kazi, kwa sababu kuwepo kwa haki hiyo hakuwezi kutegemea hatua ambayo kiwanda kimefikia. Kesi hiyo haikuhusu picha za simu. Lakini somo lake linamhusu kila anayeagiza kwa picha: ahadi inafungwa siku ya kuagiza, si siku ya kukata ubao.

Wenye maduka watatujibu kwamba ubao uliokatwa kwa ukuta wa mtu mmoja hauuziki kwa mwingine, na kwamba kumlazimisha fundi kuupokea tena ni kumfilisi. Jibu hilo ni la haki, nasi tunalikubali. Hata fundi wetu wa cherehani hawezi kuishi ikiwa kila mteja anaruhusiwa kukataa nguo kwa sababu tu moyo wake umegeuka. Hatuombi kwamba mnunuzi asibebe mzigo wowote. Tunauliza tu: je, mzigo huo umegawanywa kwa haki?

Kwa fundi wetu umegawanywa. Yeye ndiye aliyeshika utepe, hivyo kosa la kipimo ni lake. Sisi ndio tuliochagua mtindo, hivyo mtindo usiotupendeza ni shauri letu. Na kati ya kipimo na malipo ya mwisho ipo siku ya kujaribu, ambapo kosa linaonekana lingali dogo. Katika duka la simu, programu ni ya muuzaji, umbo lililochorwa ni la muuzaji, makadirio ni ya programu yake. Lakini vipimo vikitoka na kasoro, mnunuzi anaambiwa: wewe ndiye uliyepima. Ameitwa fundi bila kupewa utepe wa fundi.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: anayetengeneza picha awajibike kwa picha yake. Msingi wa kudai hivyo upo tayari. Agizo jingine la Umoja wa Ulaya, la mwaka 2019, juu ya mauzo ya bidhaa, linasema kwamba kitu kilicholetwa lazima kilingane na maelezo ya mkataba, na pia na sampuli au mfano ambao muuzaji aliuonyesha kabla ya mkataba. Na muuzaji anawajibika kwa kasoro inayoonekana ndani ya miaka 2. Wajibu huo haufutwi kwa sababu kitu kilitengenezwa kwa vipimo vya mnunuzi. Tunachoomba ni kwamba picha iliyosimama katika chumba cha mnunuzi ihesabiwe kuwa mfano huo. Kama ndiyo iliyomshawishi kununua, ndiyo inayopaswa kupimwa pamoja na kitu siku kinapofika.

Kutokana na msimamo huo tunaona mambo matatu ambayo duka la haki lingeyafanya bila kusukumwa.

La kwanza, limwonye mnunuzi pale pale anapovuka mpaka. Sheria tayari inamtaka muuzaji aseme kabla ya mkataba kwamba haki ya kujitoa haipo. Lakini neno lililofichwa chini ya kurasa nyingi za masharti ni kama halikusemwa. Kidole kinapogusa kipimo kinachoondoa haki ya kurudisha, kioo kiseme hivyo kwa maneno mepesi.

La pili, limpe mnunuzi picha hiyo pamoja na vipimo vyote na jina la kila rangi, aihifadhi kama fundi anavyohifadhi daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Bila kumbukumbu hiyo, siku ya ugomvi ni neno la mtu mmoja dhidi ya neno la kampuni nzima.

La tatu, lirudishe siku ya kujaribu. Kipande kidogo cha kitambaa kitumwe kwa barua kabla ya kushona. Vipimo vya ukuta vithibitishwe mara ya pili, kwa mita ya mkono, kabla ya kukata. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kabati lisiloingia mlangoni.

Labda msomaji wa Bukavu au Lubumbashi atauliza: haya yanatuhusu nini sisi, ambao bado tunakwenda kwa fundi kwa miguu? Yanatuhusu, tena sana. Vijana wetu tayari wanawatumia mafundi picha kwa simu na kutuma avansi kabla ya kuonana uso kwa uso. Na maneno "si hiki nilichoonyeshwa" yamekwisha kuzoeleka masikioni mwetu. Nchi yetu nayo imejiwekea Kanuni ya Mambo ya Kidijitali, kwa amri ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inagusa biashara ya intaneti. Sheria ni mlango. Ni sisi tunaopaswa kuingia kwa kujua tunachodai. Ustadi wa picha ukifika kwa maseremala na washonaji wetu, nao utafika, tungependa ukute desturi yetu ya utepe, daftari na siku ya kujaribu ingali hai, uichukue na kuiendeleza, badala ya kuizika.

Tunawaomba basi jambo moja lililo katika uwezo wa kila mtu. Mwenye ndugu ng'ambo, amkumbushe kuuliza, kabla ya kulipa, swali hili fupi: je, naweza kukirudisha? Na mwenye kiwanda kidogo hapa kwetu, anayepokea kazi kwa picha, amwandikie mteja vipimo na rangi katika karatasi, hata kama hakuna anayemlazimisha. Picha nzuri humvuta mteja mara moja. Kitu kinacholingana na picha ndicho kinachomrudisha.