Kompyuta ya steshenari Songea na siri za wateja wake

KILA dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, maduka ya steshenari mjini Songea hujaa vijana. Hufika kutoka Namtumbo, Mbinga na hata Tunduru, bahasha za kaki mkononi, ili vyeti vyao viskaniwe na kuingizwa kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB).

Ndani ya bahasha hizo mna cheti cha kuzaliwa, namba ya Kitambulisho cha Taifa, kitambulisho cha mdhamini na, kwa waliofiwa, cheti cha kifo cha mzazi. Habari za familia nzima huingia katika mashine moja, ambayo siku hiyo hiyo itatumiwa na watu wengi wasiofahamiana.

Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni kwamba, mteja akishalipa na kuondoka, nyaraka zile hubaki wapi?

Mara nyingi hubaki palepale. Picha ya cheti iliyotumwa kwa WhatsApp ya duka hukaa katika folda ya vitu vilivyopakuliwa. Faili zilizoskaniwa hulundikana kwenye uso wa kompyuta, kila moja na jina kamili la mwenyewe, na anayekuja kuchapa barua ya mwaliko wa harusi huziona bila hata kuzitafuta.

Itakumbukwa kuwa hadi mwaka 2018, Songea ilipounganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako, mji huo ulitegemea majenereta ya dizeli. Umeme ukawa wa uhakika zaidi, huku serikali nayo ikihamishia huduma nyingi mtandaoni: maombi ya ajira, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa, namba ya mlipakodi, hata tathmini ya utendaji wa walimu. Huduma zilihama kwa kasi kuliko uwezo wa wananchi wa kununua kompyuta. Steshenari ikawa ofisi ya pamoja.

Ni rahisi kumlaumu mwenye duka, lakini lawama hiyo haimtoshi peke yake. Wateja wengi hawana barua pepe wala flashi, na wao wenyewe huomba watunziwe nyaraka kwa kuwa maombi yakirudishwa kwa marekebisho watazihitaji tena. Ndipo linapoingia lile daftari kubwa chini ya kaunta, lenye majina, barua pepe na nywila za wateja zikiwa zimeandikwa kwa kalamu.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko faili zinazoonekana. Barua pepe ikiwa imefunguliwa na mhudumu, na namba ya simu ya kurejeshea nywila ikawa yake, mwenye akaunti kwa kweli ni mhudumu. Akihama duka au akipoteza laini, mwombaji wa ajira aweza kujikuta nje ya akaunti inayobeba jina lake, wakati tangazo la usaili limekwisha kutumwa humo.

Wapo wanaodhani kuficha folda ni kinga. La hasha. Kuificha ni kuiondoa machoni tu. Mabadiliko madogo ya mpangilio huirudisha. Akaunti ya mtumiaji yenye nywila yake ni bora zaidi, lakini haisaidii pale ambapo kila mtu huingia kwa akaunti moja yenye mamlaka yote. Hata nywila ya kuingilia haizuii diski kuchomolewa na kusomwa kwenye mashine nyingine, iwapo yaliyomo hayakusimbwa.

Kufuta nako kuna mipaka. Faili iliyotupwa kwenye kapu la taka bado ipo, na hata kapu likimwagwa, kwenye diski za zamani programu za urejeshaji zaweza kuifufua. Ilivyo salama kidogo ni kufanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kuifunga faili kwa nywila ndani ya Word au 7-Zip, na kutoka kwenye kila akaunti kabla ya kuinuka kitini, WhatsApp ya kwenye kompyuta ikiwamo.

Kampuni kubwa nazo zimejikwaa katika suala hili. Julai 2006, Microsoft ilitoa programu ndogo ya kufunga folda ya faragha kwa nywila, lakini iliiondoa baada ya siku chache, wasimamizi wa kompyuta maofisini walipolalamika kuwa mfanyakazi akisahau nywila hawangeweza kuzifikia faili. Huko Hong Kong, mwaka 2008, picha za faragha za msanii maarufu zilisambaa baada ya kunakiliwa kutoka kwenye kompyuta aliyoipeleka kutengenezwa. Fundi aliyehusika alihukumiwa kifungo mwaka 2009.

Kwa upande wa sheria, Tanzania haiko mikono mitupu. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu kusajiliwa na Tume husika, kuzilinda, na kutozitumia kwa jambo jingine.

Lakini sheria hiyo, kwa mtazamo wa wengi, inahusu benki, hospitali na kampuni za simu. Muuza karatasi wa Majengo au Bombambili hajioni humo, ingawa kompyuta yake moja yaweza kuwa na nakala za vitambulisho vya mamia ya watu. Halmashauri humtoza leseni ya biashara kila mwaka. Hapo ndipo angeweza kuulizwa daftari lake analitunza wapi, na faili za mwaka jana amezifuta lini.

Kwa sasa hakuna anayemuuliza. Dirisha lijalo la mikopo litakapofunguliwa, kompyuta hiyo itapokea vyeti vipya juu ya vile vya zamani.