Mgonjwa mahututi analishwa na nani?

Tangu janga la Korona lilipozuka mwaka 2020, mjadala kuhusu wagonjwa mahututi Afrika Mashariki umetawaliwa na vifaa: vitanda, oksijeni na mashine za kupumulia. Chakula cha mgonjwa aliyeunganishwa na mashine hizo hakitajwi sana.

Kimya hicho kina gharama, kwani mwili wa mtu mahututi hujila wenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa London, waliowafuatilia wagonjwa 63, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa msuli mmoja wa paja ulisinyaa kwa karibu asilimia 18 katika siku 10 tu. Anayenusurika huenda ashindwe hata kusimama, sembuse kurudi shambani au kazini.

Hata hivyo, dawa yake si kumshindilia chakula. Utafiti wa Ufaransa uitwao NUTRIREA-3, uliochapishwa mwaka 2023, ulihusisha wagonjwa zaidi ya 3,000. Waliopewa kalori na protini kidogo katika wiki ya kwanza hawakufa kwa wingi kuliko wenzao waliopewa kiwango cha kawaida, na walikuwa tayari kutoka chumba cha mahututi mapema zaidi. Aidha, mwenye utapiamlo akilishwa kwa pupa, madini ya fosfeti na potasiamu huweza kushuka ghafla katika damu yake na kuhatarisha moyo.

Ndiyo maana mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 unashauri kwamba asiyeweza kula kwa mdomo aanze kulishwa kwa mrija ndani ya saa 48, iwapo hakuna kizuizi, kisha kiwango kipandishwe hatua kwa hatua.

Kupandisha hatua kwa hatua kunahitaji mtu wa kupima, na hapo ndipo penye tatizo. Katika hospitali nyingi za umma za kanda yetu, kazi ya kuleta chakula imeachiwa jamaa. Uji wao ukiwa mzito huziba mrija. Ukiwa mwepesi hujaza tumbo bila kujenga mwili. Ukikaa saa nyingi kwenye joto huzaa vijidudu. Tena mgonjwa husimamishiwa chakula kwa ajili ya upasuaji au picha, na pengine asiwepo wa kukumbuka kumrudishia.

Wala tatizo haliishii katika vyumba vya mahututi. Utafiti uliotolewa mwaka 2025 kutoka hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika ulionyesha kuwa takriban mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na zaidi ya theluthi mbili ya hao walihudumiwa katika wodi za kawaida.

Marekebisho mengi hayadai mabilioni: mizani, kikombe cha kupimia, kuinua kichwa cha kitanda wakati wa kulisha, karatasi inayoonyesha kilichoagizwa na kilichoingia tumboni, na mtaalamu wa lishe katika mzunguko wa asubuhi wa madaktari. Kinachokosekana ni uamuzi wa kukihesabu chakula kuwa tiba na kukitengea bajeti na mhusika, badala ya kukiacha kiwe fadhila ya ndugu.

Wengi walioko Muscat, London au Minneapolis hutuma fedha za matibabu na kuuliza kuhusu dawa. Ni haki yao, na ya jamaa walio kando ya kitanda, kuuliza pia: leo aliagiziwa chakula kiasi gani, na amepata kiasi gani?