Tusiwacheke Wazee Wanaokimbia



Leo nataka kuzungumza nawe baba au mama uliyepita miaka 40. Nataka tuzungumze juu ya mbio za barabarani.

Mbio zikitangazwa Musoma, Bunda au Butiama, vijana hujiandikisha bila kuona haya. Mzee akijiandikisha, watu hucheka. Huuliza, "Huyu anafukuzwa na nani?" Mama akionekana anakimbia alfajiri, majirani hudhani kuna msiba.

Kicheko hiki kina madhara ya namna mbili. Wazee wengine huona haya, wakabaki nyumbani. Wengine huingia katika mbio, na kwa kuogopa kuchekwa wakajilazimisha kwenda mwendo wa vijana. Hapo ndipo hatari ilipo. Maoni yangu ni haya: mzee akimbie, lakini kwa mwendo wake, na baada ya kujiandaa. Na sisi tusimcheke.

Mkoa wetu una mifano mizuri. Suleiman Nyambui alizaliwa Majita mwaka 1953. Mwaka 1980 alipata medali ya fedha katika mbio za mita 5,000 kwenye Michezo ya Olimpiki, Moscow. Wakati huo alikuwa na miaka 27. Aliyemshinda ni Miruts Yifter wa Ethiopia, ambaye alikuwa amekwisha kupita miaka 30. Nyambui naye hakuacha kukimbia. Mwaka 1987 na mwaka 1988 alishinda mbio za kilomita 42 mjini Berlin, Ujerumani. Alikuwa na miaka 34, kisha 35.

Hao walikuwa wakimbiaji hodari. Lakini Mwalimu Nyerere hakuwa mkimbiaji. Mwezi Oktoba 1967 alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, kuunga mkono Azimio la Arusha. Safari hiyo ni ya kilomita zipatazo 200. Mwalimu alikuwa na miaka 45. Hakwenda kwa siku moja. Alikwenda kidogo kidogo, siku baada ya siku, na akafika. Mzee anayetaka kukimbia afuate mwendo huo.

Wako watakaosema, "Sisi ni wakulima. Jembe linatutosha." Ni kweli, jembe ni mazoezi mazuri, na kuchota maji pia. Lakini si wote tunaolima mwaka mzima. Wengine tunakaa dukani au ofisini, na safari fupi tunapanda pikipiki. Tena, hata mkulima hodari hajazoea kukimbia saa nzima bila kupumzika. Mwili huzoea kazi unayoufundisha.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi dakika 150 au zaidi kwa wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku 5. Ushauri huo ni kwa wote, hata waliopita miaka 65. Mazoezi huimarisha moyo. Husaidia kupunguza presha na sukari katika damu. Huimarisha miguu, ili mzee asianguke ovyo.

Sasa, baba na mama, kabla ya kujiandikisha fanyeni haya:

Kwanza, nenda zahanati upimwe presha. Usiseme, "Sina presha, kwa sababu kichwa hakiniumi." Mara nyingi presha haina dalili yo yote. Ikiwa ni 140 juu ya 90 au zaidi, iko juu. Utapimwa tena siku nyingine ili kuhakikisha. Kama unatumia dawa za presha au za sukari, usiziache. Mwulize mganga namna ya kufanya mazoezi ukiwa na dawa hizo.

Pili, anza kwa kutembea. Kwa wiki 4 tembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Kisha changanya: kimbia dakika 1, tembea dakika 2. Ongeza kidogo kidogo. Jipe miezi 3 au zaidi kabla ya siku ya mbio.

Tatu, pima mwendo wako kwa mdomo. Ukiweza kuzungumza na mwenzako huku mnakimbia, mwendo unafaa. Ukishindwa kusema maneno machache, punguza.

Nne, kimbia asubuhi kabla jua halijawa kali. Kunywa maji unapoona kiu. Barabarani kaa upande wa kulia, ili uyaone magari yanayokuja mbele yako. Vaa raba zinazokutosha. Si lazima ziwe za bei kubwa.

Tano, usikimbie ukiwa na homa. Nenda ukapimwe malaria kwanza. Goti likiuma na kuvimba, lipumzishe.

Sita, zijue dalili za hatari. Kifua kikibana au kuuma, na hasa maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, simama mara moja. Fanya hivyo pia ukipata kizunguzungu, jasho la baridi, au pumzi zikikata kuliko kawaida. Usijikaze eti umalize. Waambie wenzako wakupeleke kituo cha afya upesi.

Sasa nasema na ninyi mnaoandaa mbio. Wazee wawe na kundi lao, ili mwenye miaka 55 ashindane na wa rika lake. Wekeni mbio fupi, kwa mfano kilomita 5. Anzeni alfajiri. Mara nyingi mgeni rasmi huchelewa, na wakimbiaji wakasimama juani wakimngoja. Hiyo si haki, na kwa mzee ni hatari. Wekeni maji njiani na mhudumu wa afya. Na tafadhali, msiondoke mwishoni kabla mzee wa mwisho hajafika. Akijua kuwa anangojwa, hatajiua kwa haraka.

Nanyi vijana, mzee akipita mpigieni makofi. Ni baba yenu na mama yenu. Afya yake ni faida ya nyumba yenu. Mzee akipooza kwa sababu ya presha, ninyi ndio mtakaomwosha na kumlisha.

Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 katika nchi yetu walishiriki katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana. Kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Walifaulu kwa sababu walifanya kazi pamoja. Wazee wanaotaka kukimbia nao waunde kikundi. Watu 5 au 6 wa kijiji kimoja wanatosha. Mkienda pamoja, kicheko hakitawaumiza, na mmoja akiugua njiani hatakuwa peke yake.

Kikundi chenu kikiwa tayari, njoni zahanati mpimwe presha wote pamoja. Tutawapokea.