SHAMBA NI BIASHARA: Mali Bila Daftari Huisha Bila Habari

Wazee walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huu wajulikana sana madukani, na wenye maduka wengi huufuata, kwa maana mwenye duka asiyeandika deni la mteja wake huenda akafunga mlango kabla ya mwaka kwisha. Lakini ukienda mashambani, hata kwa watu waliosoma na wenye mwandiko mzuri, ukauliza, "Je, mwaka jana shamba lako lilikupa faida ya kiasi gani?" utajibiwa, "Mavuno yalikuwa mazuri, twamshukuru Mungu." Hayo ni maneno ya heri, walakini si jibu. Mavuno ni jambo moja, na faida ni jambo jingine. Mtu aweza kuvuna magunia 40 ya viazi akapata hasara, na jirani yake akavuna 25 akapata karo ya mtoto.

Kwa hiyo, wasomaji wetu, juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya chombo kimoja cha shamba kisichonolewa wala kushika kutu, na ambacho bei yake ni ndogo kuliko ya jembe. Chombo hicho ni daftari.

KARANI NA MKULIMA

Sisi tufanyao kazi ya ofisini tunayo desturi moja ambayo ingefaa kuhamia shambani. Karani wa fedha hawezi kufunga siku yake mpaka fedha zilizomo sandukuni zilingane na zile zilizoandikwa kitabuni. Zikipungua shilingi kumi, atazitafuta shilingi kumi hizo mpaka jua lituwe. Si kwa sababu ni nyingi, bali kwa sababu asiyejua zilikokwenda shilingi kumi leo hatajua zilikokwenda elfu kumi kesho.

Ajabu ni kwamba makarani wengi, warudipo kwao siku ya Jumamosi, huilipa kazi ya kibarua kutoka mfukoni, hununua mbolea kwa simu, huuza maziwa kwa jirani kwa ahadi ya mwisho wa mwezi, wala hawaandiki hata neno moja. Fedha za ofisi wazilinda kwa wino, na fedha zao wenyewe wazilinda kwa kukumbuka tu. Na kumbukumbu ya mwanadamu ina kasoro moja: hukumbuka sana fedha zilizoingia kwa wingi siku moja, na husahau upesi zile zilizotoka kidogo kidogo kila siku.

Wengine watasema kwamba siku hizi simu yaandika yote, tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007. Ni kweli, na taarifa ya simu ni msaada mkubwa. Lakini simu hukuambia tu kwamba shilingi 1,500 zilikwenda kwa mtu fulani. Haikuambii kama zilikuwa za majani ya ng'ombe au za harusi ya binamu. Simu ni nusu ya daftari. Nusu ya pili ni lazima uiandike mwenyewe.

JINSI YA KULIPANGA

Daftari hili halitaki elimu kubwa. Ligawe kwa kadiri ya kazi za shamba lako: kurasa za ng'ombe, kurasa za chai, kurasa za viazi, na kadhalika. Usizichanganye kazi hizi, maana zikichanganywa, zao lenye faida hulibeba mgongoni zao lenye hasara, na mwenye shamba haoni nani ambebaye mwenziwe. Katika kila sehemu andika mambo manne, siku ile ile yanapotokea.

Kwanza, fedha zilizotoka: mbegu, mbolea, dawa, gari, magunia, hata kamba.
Pili, fedha zilizoingia, pamoja na tarehe, uzito, bei na jina la mnunuzi.
Tatu, kazi: saa au siku zilizotumika, ziwe za kibarua au za watu wa nyumbani.
Nne, vitu vilivyoliwa nyumbani, vikitiwa bei ya soko ya siku ile.

Jambo la tatu ndilo wengi hulikataa. Husema, "Kazi ni yangu mwenyewe, nitajilipaje?" Lakini saa tatu ulizotumia zizini ni saa ambazo hukuzitumia penginepo. Kama jirani angekuita ukamfanyie kazi kwa saa hizo, angekulipa. Basi ng'ombe naye na akulipe. Na kama hawezi, yafaa ujue.

MFANO WA NG'OMBE MMOJA

Tuchukue mfano, na kila msomaji abadili tarakimu kwa kadiri ya mahali pake. Tuseme mkulima ana ng'ombe mmoja atoaye lita 10 kwa siku. Lita 2 hunywewa nyumbani, na lita 8 huuzwa kwa shilingi 45 kila lita. Ng'ombe hula kilo 4 za chakula cha dukani kwa siku, kilo moja kwa shilingi 40. Kazi ni saa tatu kwa siku, na kibarua wa mahali pale hulipwa shilingi 50 kwa saa. Hesabu ya siku 30 ni hii:

Maziwa yaliyouzwa, lita 240: Sh. 10,800
Maziwa ya nyumbani, lita 60: Sh. 2,700
Jumla ya mapato: Sh. 13,500

Chakula cha dukani, kilo 120: Sh. 4,800
Majani ya kununua: Sh. 1,500
Chumvi ya madini na dawa ya kupe: Sh. 600
Kazi, saa 90: Sh. 4,500
Jumla ya gharama: Sh. 11,400

Faida: Sh. 2,100

Mkulima huyu akipokea shilingi 10,800 mwisho wa mwezi hujiona tajiri, naye huahidi mambo makubwa mbele ya watu wa nyumba yake. Kumbe faida yake ni shilingi 2,100 tu, na hapa hatujahesabu ada ya daktari wa mifugo wala ile miezi ambayo ng'ombe hakamwi akingojea kuzaa.

Sasa tazama kazi ya daftari. Halikuambii kwamba umepata kidogo, kisha likanyamaza. Hukuonyesha pia mahali palipotoboka. Katika mfano huu, gharama kubwa kuliko zote ni chakula cha dukani. Watafiti waliofanya majaribio pamoja na wakulima wa Embu walionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya mti wa kaliandra zaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula hicho, na kwamba miti kama 500, iliyopandwa mipakani na kwenye kingo za matuta, yaweza kumsaidia ng'ombe mmoja mwaka mzima. Tuseme basi kwamba mkulima wetu amepunguza chakula cha dukani kutoka kilo 4 mpaka kilo 2, akaongeza nusu saa kila siku ya kukata majani. Ataokoa shilingi 2,400 kwa mwezi, na kazi itaongezeka kwa shilingi 750. Faida yake itapanda kutoka shilingi 2,100 mpaka shilingi 3,750, bila kuongeza hata kikombe kimoja cha maziwa. Asiye na daftari angalitafuta ng'ombe wa pili, akaikuza hasara ile ile mara mbili.

BONASI SI ZAWADI

Jambo jingine ni la wakulima wa chai. Mpango wa kilimo wa mwaka 1954, ulioitwa kwa jina la Bwana Swynnerton, uliwafungulia Waafrika wengi mlango wa mazao ya kuuza ng'ambo, na kiwanda cha kwanza cha chai ya wakulima wadogo kikafunguliwa Ragati, katika Nyeri, mwaka 1957. Tangu siku zile hata leo wakulima wa viwanda hivi hulipwa mara mbili: malipo ya kila mwezi kwa kilo za majani, na malipo ya pili baada ya mwaka wa hesabu kwisha mwezi wa Juni. Hayo ya pili watu huyaita bonasi, na jina hilo limewadanganya wengi. Bonasi si zawadi. Ni sehemu ya bei ya majani yale yale uliyoyachuma kwenye baridi na umande.

Tuseme mchuuzi amekuja na gari lake, akakupa shilingi 35 taslimu kwa kilo. Kiwanda chakupa shilingi 24 kwa mwezi. Asiyeandika ataona 35 ni kubwa kuliko 24, naye atauza. Lakini mwenye daftari atafungua ukurasa wa mwaka uliopita na kujumlisha malipo yote, kisha atayagawa kwa kilo alizopeleka. Akikuta kwamba kwa jumla alipata shilingi 54 kwa kilo, atajua kwamba mchuuzi amnunulia umaskini wake wa leo kwa bei rahisi. Hali kadhalika, akikuta kwamba jumla yake ni shilingi 33 tu, atajua kwamba ana swali zito la kuwauliza wakurugenzi wa kiwanda chake. Daftari halina upande. Humtumikia yule anayeliandika.

STAKABADHI NA MIZANI

Mkulima wa kahawa naye ana haja kubwa zaidi, kwa kuwa yeye hupeleka kahawa leo na hungojea fedha miezi mingi. Kila stakabadhi apewayo kiwandani ni fedha ambazo hazijaiva. Isitiwe mfukoni ikafuliwa pamoja na shati. Iandikwe daftarini jioni ile ile, kisha itunzwe.

Na yafaa ajue jambo hili: kwa kawaida yatakiwa kilo 6 mpaka 7 za kahawa mbivu kupata kilo 1 ya kahawa safi iliyo tayari kuuzwa. Basi aliyepeleka kilo 1,400 za kahawa mbivu aweza kutazamia kama kilo 200 za kahawa safi au zaidi kidogo. Akiwa na tarakimu hizo, hatalalamika tu njiani kwamba "tunaibiwa", wala hatanyamaza akiwa ameibiwa. Sheria ya vyama vya ushirika yataka hesabu zilizokaguliwa zisomwe mbele ya wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka. Katika mkutano huo, mwenye kelele husahauliwa upesi, lakini mwenye stakabadhi hujibiwa.

Ndivyo ilivyo hata kwa viazi. Kanuni za mwaka 2019 ziliagiza gunia lisizidi kilo 50, lakini madalali wako ambao hupenda kuliongezea gunia kilemba cha wavu juu yake na kulipa bei ile ile. Mkulima aandikaye "magunia 20" hataona kitu. Aandikaye kilo ataona kwamba alitoa viazi vingine bure.

NANI ALIFANYA KAZI?

Liko jambo moja ambalo daftari hulifunua, na ambalo si rahisi kulisema. Ukiandika kazi kwa ukweli, siku kwa siku, utaona majina. Mara nyingi utakuta kwamba jina la mama wa nyumba laonekana katika kuchuma, katika kupalilia na katika kukama. Lakini katika ukurasa wa fedha zilizoingia, akaunti ni ya bwana peke yake. Sisemi haya ili kuleta ugomvi nyumbani. Nasema kwa sababu biashara ambayo mfanya kazi wake mkuu hajui mapato yake haiwezi kudumu. Atachoka, au ataanza kuuza majani kwa mchuuzi kwa siri apate fedha za chumvi, na bwana atashangaa kwa nini kilo zimepungua. Bwana na bibi na walifungue daftari pamoja kila Jumapili jioni, na mtoto aliye shuleni ajumlishe. Atajifunza hesabu, na atajua pia karo yake yatoka wapi.

BEI YATOKA MBALI

Najua wako watakaosema, "Bei ya kahawa na chai huamuliwa mbali. Daftari langu litafanya nini?" Neno hili lina ukweli ndani yake. Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya mataifa juu ya migao ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka duniani pote, na hakuna mkulima wa Murang'a au wa Meru aliyeweza kuizuia. Lakini katika siku kama zile ndipo mtu anapohitaji sana kujua gharama zake. Anayejua kwamba kilo moja yamgharimu shilingi ngapi aweza kuamua apunguze nini, aache nini, na avumilie mpaka lini. Asiyejua hung'oa miti kwa hasira, na huipanda tena kwa uchungu bei ipandapo.

Tena, ukienda kuomba mkopo katika benki au chama cha akiba na mikopo, utaulizwa shamba lako lazalisha nini. Mwenye kurasa za miaka miwili mkononi hasemi mengi.

Basi, ndugu msomaji, usingoje mwaka mpya wala msimu mpya. Nunua daftari juma hili, na Jumatatu andika jambo la kwanza, hata likiwa ni kamba ya shilingi 20. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza jinsi ya kufunga hesabu ya mwezi, na jinsi ya kuzigawa gharama za vitu vidumuvyo miaka mingi, kama vile zizi, mkokoteni na bomba la kunyunyizia dawa.