Injini Iliyochemka na Haki za Warithi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, wiki hii baada ya sala ya Isha kijana mmoja alinifuata barazani mwa msikiti akiwa na karatasi mbili za makadirio ya mafundi. Lori la marehemu babake, kuukuu lakini ndilo linaloilisha nyumba, lilichemka likiwa limesheheni mawe ya kujengea na kupanda mlima wa Mazeras. Fundi wa kwanza asema injini itengenezwe. Wa pili asema iondolewe, inunuliwe nyingine iliyotumika kutoka Japani, kwa gharama ipatayo mara mbili ya ile ya kwanza. "Maalim," akaniuliza, "nifuate ya nani?"

Mimi si makanika, na sikuthubutu kumchagulia fundi. Illa nilimwambia kwamba makadirio yote mawili yalikuwa yameruka swali la mwanzo: kwa nini injini ilichemka? Rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, mkanda wa feni uliolegea au thamostati iliyokwama, kila kimoja chaweza kuichemsha injini nzima na nzuri. Akikiri mwenyewe, alisema rejeta huijaza kwa maji ya kisima cha nyumbani. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, na maji ya namna hiyo hula chuma na kuacha ukoko unaoziba njia za ndani. Basi akinunua injini mpya na kuifunga kwenye rejeta ile ile, atakuwa amenunua msiba wa pili kwa bei ya juu.

Swali la pili ni ukubwa wa madhara. Mafuta ya injini yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia humo. Aghalabu ni gasketi iliyoungua, au kichwa cha injini, ambacho mafundi hukiita silinda hedi, kimepinda au kupasuka. Hilo halijulikani kwa kukisia. Kichwa kifunguliwe, kipelekwe kwa wenye mashine, kipimwe unyoofu na nyufa. Kikiwa kimepinda kidogo, husawazishwa na kurudishwa kwa gasketi mpya. Kisha zitazamwe silinda na pistoni, na hali ya krankishafti na beringi zake. Haya yakiwa salama, kutengeneza ndiyo busara, na kuitupa injini hiyo ni israfu. Lakini ikiwa bloku yenyewe imepasuka, au silinda zimekwaruzika na krankishafti imeungua, kuendelea kutia viraka ni israfu vilevile, japo kila kiraka ni cha bei nafuu.

Hapo kijana akaanza kukunja karatasi zake, akidhani nimemaliza. Nikamuuliza: "Lori ni la nani, mwanangu?"

"La baba, Allah amrehemu. Sasa naliendesha mimi."

Marehemu ameacha mke, wana wa kiume wawili na wa kike watatu, na mirathi haijagawanywa. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, hesabu yake ni nyepesi. Mama ana thumuni. Kinachobaki hugawanywa, mwanamume akipata sehemu ya wanawake wawili. Ukiligawa lori mafungu 8, mama ana 1, kila mwana wa kiume ana 2, na kila binti ana 1. Basi huyu anayeshika usukani anamiliki robo tu. Robo tatu ni za watu ambao hawajaonyeshwa hata karatasi moja, na miongoni mwao yumo binti mdogo asiyebaleghe. Qurani imetukataza kuikaribia mali ya yatima isipokuwa kwa njia iliyo bora. Kutumia fungu lake kununua injini kabla kichwa cha ile ya zamani hakijafunguliwa si njia iliyo bora.

Nikamuuliza la mwisho: "Mshale wa joto uliuona lini?" Akanyamaza kitambo. Kisha akasema aliuona umepanda mapema, lakini mteja alikuwa akingoja mawe, akaona afike kwanza.

Hapa ndipo uzito ulipo. Anayeshika mali ya wenzake kwa idhini yao ni amini. Mali ikiharibika bila kosa lake, halipi, na hasara huwa ya wote kwa mafungu yao. Lakini akizembea, hudhamini. Dereva aliyeona hatari na kuendelea ana la kujibu, na hawezi kuwakata dada zake gharama ya uzembe wake kana kwamba ni ajali tu. Wakimsamehe waliobaleghe kwa ridhaa yao, ni hisani. Fungu la yatima hakuna wa kulisamehe.

Ikiwa baada ya vipimo warithi watakubaliana kununua injini, wasinunue kwa kuambiwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mnunuzi aweza kushurutisha khiyari isiyozidi siku 3, na kasoro ya zamani iliyofichika humpa haki ya kurudisha. Waitake iwashwe mbele ya fundi wao, wachukue risiti, na waiandikishe, kwa kuwa namba ya injini imo katika kitabu cha usajili wa gari. Na wakiamua kuuza lori lilivyo, wamwambie mnunuzi kwamba lilichemka. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini yake, alimkemea muuzaji kwa kuuficha. Kuosha injini kwa mvuke ili maji yaliyovuja yasionekane ni jambo lilo hilo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana hakuwa na daftari la mapato ya lori. Nimemshauri aanze leo, awakusanye mama na ndugu zake, awaambie habari ya ule mshale kabla ya habari ya gharama, kisha waipeleke mirathi kwa Kadhi ili kila mmoja ajue fungu lake.

Ninapoandika haya lori bado limeegeshwa, na kichwa cha injini kiko kwa mwenye mashine. Kikao cha familia kimewekwa Ijumaa baada ya Alasiri. Nyumba nyingi miongoni mwetu zina lori la namna hii, au duka, au shamba la minazi, linaloendeshwa na mmoja kwa jina la marehemu. Tusingoje lichemke ndipo tuulizane ni la nani.

Wallahu aalam.