Mzazi, hiyo saa iache nyumbani

Jumamosi asubuhi kidimbwini nilikuona, mzazi mwenzangu. Saa ya kupimia mbio mkononi, unamfokea bintiyo wa miaka tisa kwa kuwa wa nne. Mtoto alitoka majini akilia.

Hebu tuulizane, haraka ya nini? Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, alipoweka rekodi ya Olimpiki kwenye mchujo wa mita 100 mtindo wa kipepeo kule Beijing mwaka 2008, alikuwa na miaka 21. Dhahabu ya Jumuiya ya Madola aliitwaa Delhi mwaka 2010, akiwa na 23.

Miaka tisa ni ya kujifunza kulala sawasawa majini, kupumua pande zote mbili na kuijua mitindo yote minne. Anayewapiku wenzake leo huenda amewatangulia kurefuka tu. Wakimfikia akiwa na miaka 14, naye hakufunzwa mtindo mzuri, atashikilia nini? Wengi huacha hapo hapo, tena kwa uchungu.

Jumamosi ijayo muulize kocha jinsi mkono wa binti unavyoingia majini. Na umbebee chai moto. Maji ya asubuhi, nawe wajua, ni baridi ajabu.