Vunjajungu wa mtoto anakufa kwa ukavu, si kwa mkosi

GOMA – Katika familia zilizokimbia vita, ziwe zile zinazolala chini ya bashi au zile zilizopokelewa na ndugu mjini, kuna jambo dogo ambalo wazazi wengi hulimaliza kwa kofi. Mtoto anarudi kutoka vichakani na vunjajungu wa kijani ndani ya chupa ya plastiki. Mama anasema: « Wewe, tupa kile kidudu, kitatuletea mkosi. » Mtoto anaificha chupa nyuma ya godoro. Siku chache baadaye mdudu amekufa, miguu imepinda, na mkosi umepata ushahidi.

Jina lenyewe ndilo linalomponza. Wazee walisema kwamba anayemgusa atavunja chungu atakachoshika baadaye. Leo jamaa wengi wanapikia sufuria za aluminiyomu, na hizo zikianguka zinabonyea tu. Hofu hiyo ingeachwa huko huko kwenye vyungu.

Mtoto aliyetoka Masisi au Rutshuru ameacha mbuzi, ameacha mbwa, ameacha kuku waliokuwa wakimjua kwa sauti. Mahali alipo sasa, kila kitu ni cha kupewa na kuandikwa kwenye orodha. Vunjajungu ndiye kitu pekee alichokipata mwenyewe na anachokichunga mwenyewe. Mkubwa anayesema « watu wanakufa, nyinyi mnafuga wadudu » anasema kweli nusu ya kwanza, lakini nusu ya pili haimsaidii mtu yeyote.

Kosa halipo katika kufuga. Kosa lipo katika namna ya kufuga, na hasa katika unyevu.

Vunjajungu hukua kwa kujivua ngozi, mara kadhaa mpaka awe na mabawa kamili. Siku hiyo hujining'iniza kichwa chini, ngozi ya zamani hupasuka mgongoni, naye hujitoa polepole kama mtu anayevua koti lililombana. Hewa ikiwa kavu kupita kiasi, ngozi inamgandia. Mguu unabaki ndani, au anaanguka kabla mwili mpya haujakauka, na hapo amekwisha. Mtoto hudhani amekufa kwa njaa, maana siku chache kabla ya hapo mdudu alikataa nzi. Kumbe kukataa chakula ndiyo dalili kwamba anajiandaa. Wakati huo asilazimishwe kula wala kuachiwa panzi ndani, kwa sababu panzi anaweza kumng'ata akiwa bado laini.

Goma ina ugumu wake. Ardhi ni mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji yanazama mara moja, na jua likitoka mawe meusi yanatoa joto. Chini ya bashi, mchana wa kiangazi, hata mtu mzima anatoka nje kutafuta hewa. Chupa iliyoachwa humo inageuka kuwa jiko. Bukavu kuna unyevu wa kutosha miezi mingi. Huko tatizo huwa ni ukungu. Uvira ni joto, na kiangazi chake kinakausha haraka. Kwa hiyo mtoto aliyehamia Uvira asifuate alichofanya Bukavu.

Ulaya na Marekani, wanaofuga Sphodromantis, yule vunjajungu mkubwa wa Afrika, hulenga unyevu wa karibu asilimia 50 hadi 60, nao wana kifaa cha kuupima. Hapa kifaa ni macho. Asubuhi na jioni mtoto anyunyize matone madogo kwenye ukuta wa chombo, si juu ya mdudu. Mdudu mwenyewe atayanywa. Matone yakauke ndani ya saa chache. Yakikauka papo hapo, aongeze jani bichi au kitambaa chenye unyevu pembeni. Yakibaki mpaka jioni, au harufu ya uozo ikianza, hewa haipiti: maji yapunguzwe na mdomo wa chombo ufunguliwe zaidi. Wengi huua kwa upande huu wa pili, wakifunga kifuniko cha chupa kwa nguvu wakidhani wanatunza unyevu.

Chombo kiwe na urefu wa mara tatu ya mdudu, na ndani kuwe na kijiti chenye maganda ya kushikilia, kwa sababu plastiki inateleza. Juu pafunikwe kwa kipande cha kitambaa chepesi. Kisiwe kipande cha chandarua. Vyandarua vinavyogawiwa vina dawa ya kuua wadudu, na vunjajungu ni mdudu kama mbu. Tena chandarua kikikatwa, malaria inaingia nyumbani kwa ajili ya mchezo. Hapo mzazi ana haki ya kukasirika. Pampu iliyowahi kutiwa dawa ya mende nayo isitumike kunyunyizia.

Yapo malalamiko mengine yanayostahili jibu: maji. Kipimo cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu kwa siku, na familia nyingi hazifiki hapo. Mama aliyepanga foleni tangu alfajiri ana sababu ya kuuliza kwa nini mdudu anywe. Lakini vunjajungu anahitaji kijiko cha chai asubuhi na kingine jioni, na bidoni moja ya lita 20 ina vijiko hivyo elfu nne. Maji yaliyosuuza nyanya yanatosha, mradi hayana sabuni. Kama hata hayo hayapo, basi mtoto amrudishe kichakani siku hiyo hiyo, na aambiwe sababu, si apigwe.

Na kwa wale wanaojiandaa kupanda lori kurudi vijijini: chupa isiwekwe juu ya mizigo. Jua likiipiga, mdudu hafiki mbali. Kabla ya safari, jioni, mtoto amweke kwenye tawi lenye majani, kichwa juu au chini, atageuka mwenyewe.